Mstari Mmoja Umepungua

Sehemu ya sita

Nimechoka, wasomaji wangu, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umekwisha. Lakini niliahidi kusema yote, basi ngoja nikae niseme.

Kwa ambaye juma lililopita hakulishika gazeti: mimi ni Nirjala Maharjan, mtunza kumbukumbu katika shirika dogo la kifua kikuu hapa Patan. Wagonjwa wote wa vituo vyetu vitano huishia kwenye kompyuta yangu, ndani ya jedwali la Excel. Kila mtu mstari wake: jina, simu, namba ya uraia, umri, kata anayoishi, kazi anayofanya, na mwisho kabisa kama alipona au hakupona.

Chuo kikuu kimoja kilituomba jedwali hilo kwa utafiti, majina yakiwa yameondolewa. Kazi ya kuyaondoa alipewa Mwalimu Tekendra, mtu wetu wa kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kumkabidhi faili tu.

Kabla sijamkabidhi, nilifuta mstari mmoja. Mstari wa mdogo wangu Ichhya, aliyeugua miaka miwili iliyopita, akapona, na mwezi huu wa Mangsir anaolewa kwenye familia isiyojua kwamba aliwahi kuugua.

Niliishia pale mkurugenzi wetu, Madam Pramila, aliponiita ofisini kwake na kuniambia kwa ile sauti yake ya upole nisiyoipenda:

"Nirjala, kuna mgonjwa mmoja kapotea."

"Kapotea vipi, Madam?"

"Ripoti yetu inasema elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Jedwali tulilowapa chuo lina elfu nne mia tatu na kumi na mmoja. Wiki ya tatu sasa limo kwenye tovuti yao, dunia nzima inalisoma, ndipo wanahesabu wanakuta hesabu haikai. Wameandika barua. Hii hapa."

Mwalimu Tekendra alikuwa ameshakaa kiti cha pembeni, kompyuta mapajani. Ana miaka hamsini na tisa. Alifundisha fizikia miaka ishirini na sita kabla ya kuja kwetu, na mpaka leo akimaliza kuzungumza hupangusa viganja kama mtu mwenye vumbi la chaki.

"Programu yangu haili watu, Madam," alisema. "Mimi nalikata jedwali vipande, mistari mia tano mia tano. Kila kipande nakituma kwa ile huduma ya mtandaoni, kupitia mlango wao wa API, programu yangu kwa programu yao. Huko kinasomwa, majina yanatolewa, simu zinatolewa, namba za uraia zinatolewa, narudishiwa kikiwa safi. Ukiwapa mia tano wanarudisha mia tano. Hawajawahi kumla hata mmoja."

"Basi nani kamla?"

"Nitatazama. Kila nilichotuma kiliandikwa hapa, saa na dakika na idadi."

Akafungua kompyuta. Mimi nikatazama miguu yangu. Nilijua atakachokiona. Ataona kwamba alitumiwa watu elfu nne mia tatu na kumi na mmoja tangu mwanzo, na kabla yake hakuna mwingine aliyeligusa faili isipokuwa mimi.

Alikisoma kioo kwa muda mrefu. Halafu akanitazama. Si kwa ukali. Alinitazama kama mwalimu anayemwona mtoto mzuri ameinakili kazi ya jirani.

"Eh," akasema. "Kosa langu hilo, Madam. Kile kipande cha mwisho nilikikata vibaya."

"Wewe, Mwalimu? Wewe unayehesabu vijiko vya sukari?"

"Uzee, Madam. Unaingia bila hodi."

Akapangusa viganja.

Tulipotoka nikamkimbilia kwenye ukumbi. "Mwalimu, subiri. Ngoja nikueleze."

"Usinieleze," alisema bila kugeuka. "Ukinieleza nitakuwa najua, na nikijua itabidi nifanye jambo. Niache nitafute chai kwanza."

Sasa, wasomaji wangu, kuna kitu niliwaficha juma lililopita. Niliwaambia nilifuta mstari wa mdogo wangu, na wengi wenu mkaniandikia barua za huruma. Mmoja aliniita shujaa. Zile barua nimezisoma zote na hakuna iliyonipa usingizi, kwa sababu sikuwaambia lililofuata.

Siku ile jedwali liliporudi limesafishwa, Mwalimu alikuja mezani kwangu na uso wa mashaka.

"Majina yametoka," alisema. "Lakini njoo uone. Mwanamume, miaka sitini na nane, kata ya tisa, mpiga baragumu wa hekalu. Wapiga baragumu wa hekalu kata ya tisa wako wangapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mimi najua. Yuko mmoja, na ndiye anayeniamsha kila asubuhi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ile huduma inatafuta majina, Nirjala. Mtu akijulikana kwa kazi yake, haimwoni. Lakini dawa ipo. Nikiongeza maneno machache kwenye programu, umri utakuwa wa makundi, kumi kumi. Na kazi zitakuwa makundi: mafundi, wakulima, watumishi wa shule. Itabidi tumwandikie Madam na chuo, wakubali, walipitie upya na daftari za vituo. Tuwaandikie?"

Walipitie upya na daftari za vituo. Hayo maneno ndiyo yaliyoniingia kama sindano. Kwenye daftari la kituo cha kata ya kumi na mbili Ichhya yumo, kwa wino. Wakilinganisha tu, wataona kuna mmoja hayupo.

Na mimi hilo la baragumu nilikuwa nimeshaliona kabla ya Mwalimu. Ndiyo maana nilimfuta mdogo wangu. Mwanamke, miaka ishirini na minne, kata ya kumi na mbili, mchoraji wa nyuso za sanamu. Wanaume wanaochora macho ya miungu ya shaba wapo wengi. Msichana wa miaka ishirini na minne ni mmoja tu, na kila mtu anajua mlango wake.

Kwa hiyo nilijua. Niliposema nitakachowaambia sasa, nilikuwa najua kabisa.

"Acha kama ilivyo, Mwalimu. Tarehe ya kupeleka imefika."

"Una hakika?"

"Wewe ni mtu wa kompyuta," nikamwambia. "Mtu wa wagonjwa ni mimi."

Akaondoka. Jedwali likaenda vile vile, na watu wangu elfu nne mia tatu na kumi na mmoja ndani yake, na wangu wa damu akiwa salama nje.

Sasa mmejua. Shujaa wenu ndiye huyo.

Alhamisi, siku moja baada ya ile barua ya chuo, alikuja mwanamke mmoja ofisini. Alikuwa amefunika mdomo kwa barakoa na kichwa kwa shali, akakaa kwenye benchi la barazani. Dada wa mapokezi alikuwa amekwenda kula, nikatoka mimi.

"Karibu, dada. Umeleta makohozi?"

"Sikuja kupima. Mimi nilishapona mwaka jana. Kadi yangu hii hapa." Akaichomoa kifuani. Dilsobha Basnet. Ilikuwa imepigwa mihuri yote, hakuna hata mmoja uliorukwa. "Nataka kumwona anayeandika yale mambo ya kompyuta."

"Wanaoandika ni wengi," nikasema. Uongo ulitoka wenyewe, haukunisumbua hata kidogo.

"Basi chukua maneno yangu uwapelekee wote."

Nikakaa. Akaanza.

"Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, kata ya tatu. Mwaka wa kumi na tano huu. Wiki iliyopita mwalimu wa sayansi kafungua simu yake chumba cha walimu, anawaonyesha wenzake orodha ya chuo. Tuone kata yetu wako wangapi, anasema. Wakaona mwanamke, miaka arobaini na moja, kata ya tatu, mpishi wa shule. Mimi nilikuwa naingia na birika la chai. Wote wakanyamaza."

"Pole, dada."

"Subiri, pole bado. Kesho yake wazazi wakaitisha mkutano. Sufuria zangu wakazitoa uani wakazimwagia maji ya moto, watoto wanatazama. Watoto wenyewe niliowalisha tangu darasa la kwanza. Mkuu wa shule akaniambia, dada Dilsobha, pumzika kidogo nyumbani. Kidogo mpaka lini, nikamuuliza. Akasema kidogo tu."

Nikaitazama tena mihuri ya kadi yake.

"Unajua kinachonikera?" akasema. "Mwisho wa ule mstari imeandikwa amepona. Ipo pale pale, nimeoneshwa. Hawakusoma mpaka mwisho. Walipofika kwenye mpishi wakatosheka."

"Nikuletee chai, dada?"

"Siku hizi sinywi kwenye glasi za watu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuambia leo kuna vumbi. "Miezi sita nilimeza vidonge mbele ya nesi wenu. Nilikuwa natapika, najifuta, namezeshwa tena. Mkaniambia dada, hii ni siri yako na yetu. Mwambie mkurugenzi wenu nitarudi Jumapili. Kama kuna mtu wa kunijibu, anijibu siku hiyo."

Akafunga shali, akashuka ngazi akishika ukuta.

Nikarudi mezani. Nikalifungua jedwali, nikamtafuta. Sikukawia kumpata. Nilikaa nikimtazama mpaka kioo kikajizima chenyewe.

Jumamosi ilikuwa siku ya popoo nyumbani kwetu, siku ambayo upande wa mume huleta popoo kuuthibitisha uchumba.

Upande wa bwana harusi, Rojesh, waliingia asubuhi na popoo zao kumi, kitambaa chekundu, na shangazi. Yule shangazi wa Rojesh, Bi Sanumaiya, ni mwanamke ambaye akiingia chumbani hata paka anakaa vizuri. Alimzunguka mdogo wangu mara mbili kama anayenunua kabati.

"Mbona mwembamba hivi? Mnamlisha nini huyu?"

"Anakula kama fundi, shangazi," mama yangu akajibu, akipakua chiura, ule mchele wa kupondwa, kwenye sinia. "Tatizo kazi yake. Kutwa amekaa, kainamia sanamu."

"Na kikohozi?"

Nikaacha kumimina chai.

"Kikohozi gani?" mama akauliza.

"Nauliza tu. Siku hizi mtu lazima aulize. Hamjasikia? Kuna orodha ya wenye kifua kikuu mtandaoni. Bila majina, lakini mwenye macho anaona. Mwanangu kaifungua juzi, tukaisoma kata yenu yote kabla ya kuja hapa, mstari kwa mstari. Msinikasirikie. Kumleta mtu nyumbani si kuleta kuku." Akachukua kipande cha yai, akakitia mdomoni. "Mngeona wenyewe! Watu wazuri kabisa, watu ninaowapungia mkono barabarani. Kumbe!"

"Na mlikuta nini?" Ni mimi niliyeuliza. Sijui sauti niliitoa wapi.

"Yenu safi. Ndiyo maana unaniona nakula."

Wote wakacheka. Mama alicheka mpaka akalia, na ni mimi peke yangu niliyejua yale yalikuwa machozi ya nini.

Nilikwenda jikoni. Nilikuwa nimeshinda, mnaona? Walitafuta, hawakumkuta. Nilichokipanga kilikuwa kimetokea vile vile nilivyokipanga. Nikangoja furaha ije. Kilichokuja ni sura ya yule mpishi akishika ukuta.

Ichhya akaingia, sari nyekundu imemlemea, anatafuta maji.

"Dada, una nini? Umekuwa mweupe."

Nikafunga mlango. Nikamwambia kwa kunong'ona. "Umemsikia shangazi? Hukuwemo. Unajua kwa nini hukuwemo? Nilikufuta. Mimi mwenyewe, kabla halijaondoka ofisini."

Nilidhani atanikumbatia.

"Ulinifuta?" akasema.

"Ungekuwa umeachwa leo! Popoo zote zingerudi na sinia lake!"

Akaweka kikombe chini taratibu. Mdogo wangu ana mikono isiyotetemeka kamwe, ndiyo kazi yake.

"Dada, Rojesh anajua."

"Anajua nini?"

"Nilimwambia tangu mwezi wa Falgun, miezi tisa sasa. Siku ya pili tu tulipoonana. Wewe na mama mlinikataza, mkanikalia kichwani, nikasema sawa, sawa. Nikaenda nikamwambia. Sikutaka kuolewa huku nameza mate."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama vidonge vilikuwa vichungu."

Nikakaa juu ya gunia la mchele.

"Na mama yake?"

"Anajua. Baba yake anajua. Asiyejua ni shangazi, kwa sababu akijua shangazi, Patan nzima imejua. Tulikuwa tunawaonea huruma nyinyi wawili mnavyohangaika. Nilitaka kuwaambia baada ya harusi."

Sebuleni walikuwa wanapiga makofi, kuna mtu kasema jambo la kuchekesha.

"Dada," Ichhya akasema. "Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Waliomo humo. Nilikaa nao benchi moja miezi sita. Kila asubuhi tunaangaliana tunavyomeza. Wale walifutwa na nani?"

Nikaanza kuokota punje za mchele sakafuni. Alinisubiri kidogo, halafu akachukua maji yake, akatengeneza sari, akarudi kwa wageni akitabasamu. Yule ndiye niliyedhani ni wa kulindwa.

Jumapili, siku ambayo kwetu juma la kazi huanza, nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Nilikuwa nimekata shauri. Nitamwambia Madam yote, mstari niliofuta na swali nililolizima, kisha litakalokuwa na liwe.

Meza ya Mwalimu Tekendra ilikuwa tupu. Si tupu ya mtu aliyechelewa. Kikombe hakipo, miwani ya akiba haipo, hata kile kitambaa alichokuwa akifutia kioo hakipo.

Madam Pramila alikuwa ofisini, barua mbele yake.

"Umesikia?" akasema. "Mwalimu kaacha kazi. Kaileta mwenyewe asubuhi, kaiweka hapa, kaondoka bila kunywa chai. Kasema jedwali lilitoka na dosari, watu wakatambulika, na yeye ndiye mtaalamu, kwa hiyo dosari ni yake. Nimewapigia chuo, wamelitoa kwenye tovuti saa hii hii. Limekwisha."

"Halijaisha, Madam. Watu wameshalipakua. Wanalo kwenye simu zao."

"Limekwisha kwa upande wetu."

"Madam, si yeye. Ni mimi."

Nikasema yote. Nilisimama katikati ya zulia lake nikasema mpaka mate yakanikauka. Nilipofika kwa Mwalimu na mpiga baragumu, aliinuka, nikadhani anakuja kunipiga kofi. Alikwenda kufunga mlango.

"Nani mwingine kasikia haya?"

"Mdogo wangu. Nusu yake."

"Basi na iishie hapo. Nirjala, nisikilize vizuri. Mwalimu kaandika kosa la kitaalamu. Kosa la kitaalamu watu wanaliandikia taarifa, wanasamehewa, kazi inaendelea. Wewe unaniletea mtumishi aliyemficha ndugu yake na kuwaacha wagonjwa wengine wajulikane huku akijua. Nikiliandika hilo, vituo vyote vitano vinafungwa ndani ya mwezi. Leo kuna watu mia tatu na themanini wanaomeza dawa kwenye vituo hivyo. Watamezea wapi? Kwako?"

"Kwa hiyo Mwalimu aondoke kwa ajili yangu?"

"Mwalimu ameshaondoka. Wewe rudi mezani kwako."

"Lakini nimeshasema, Madam."

"Hujasema kitu," akajibu, akaivuta ile barua na kuitia kwenye droo. "Umeingia, umenisalimia, umetoka."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata kukiri kuna mtu wa kukukatalia.

Nikatoka mpaka barazani, nikampigia Mwalimu. Alipokea mara ya kwanza, kelele za soko nyuma yake.

"Mwalimu, kwa nini umefanya hivyo? Kosa lilikuwa langu."

"Nani kakwambia nimebeba la kwako?"

Nikaibana simu sikioni.

"Mimi nililiona, Nirjala. Nilimwona mpiga baragumu kwa macho yangu. Nikaja kwako, ukaniambia acha, nikaacha. Mtu mzima wa umri wangu anaambiwa acha, anaacha, anakwenda kunywa chai! Ile barua ni ya kosa langu mimi. La kwako sijaligusa, lipo pale pale ulipoliacha." Nikasikia anabishana kidogo na muuza mboga. "Harusi njema ya mdogo wako, mwanangu. Ngoja nichague figili."

Akakata.

Nikageuka. Dilsobha alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile, shali lile lile. Sijui alikuwa pale kwa muda gani.

"Ulimwambia mkurugenzi?"

"Nimemwambia, dada."

"Kasemaje?"

"Kasema sijasema kitu."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa gari limekwishaondoka na hakulitegemea sana.

"Na anayeandika mambo ya kompyuta?"

Nilikuwa nimechoka hata kudanganya. "Ni mimi. Hakuna wengi. Ni mimi peke yangu, na nilijua mtaonekana kabla halijatoka."

Alivuta barakoa ikashuka mpaka kidevuni. Ndipo nilipouona uso wake kwa mara ya kwanza. Mwanamke wa kawaida kabisa, mwenye pengo upande wa kushoto. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Alhamisi nilijua," akasema. "Mtu asiye na hatia angenibembeleza zaidi."

Akaingiza mkono ndani ya shali, akatoa karatasi zilizokunjwa mara nne. Alikuwa amezichapisha dukani, herufi ndogo ndogo, umri na kata na kazi, na kando ya baadhi ya mistari alama za kalamu nyekundu.

"Nilisema kama wao wameweza kunitafuta, na mimi naweza kutafuta. Siku mbili nimetembea. Nagonga mlango, nasema samahani, hapa kuna fundi viatu wa miaka hamsini na mmoja? Wengine walinifukuza. Wengine waliponiona na kadi mkononi walinivuta ndani." Akazikunja tena. "Nimewapata sita. Wako langoni. Nimewaambia leo kuna mtu atatujibu."

"Dada, ukiwaleta humu juu Madam atawaita walinzi."

"Ndiyo maana nimewaacha chini. Utashuka, au niwaambie hakuna mtu?"

Nyuma yangu mlango wa ofisi ulifunguka, na sauti ya Madam Pramila ikaita jina langu, mara moja, kwa upole.

Nikashuka.

Walikuwa wamesimama wameegemea ukuta wa matofali, kila mmoja mbali kidogo na mwenzake, hivyo hivyo tulivyowafundisha kukaa. Sikuwahi kumwona hata mmoja wao. Lakini mzee mwenye vidole vyeusi vya rangi ya viatu, miaka hamsini na mmoja, kata ya tano, amepona. Msichana mwenye mkoba wa wakunga, ishirini na saba, kata ya kumi na nane, amepona. Macho yangu yalikuwa yakiwasoma hivyo, moja baada ya jingine, na sikuweza kuyazuia.

Wa mwisho alikuwa kijana mrefu aliyevaa sare ya polisi wa barabarani, kofia kaishika mkononi. Miaka thelathini na mitatu, kata ya saba. Huyu nilimkumbuka hata safu ya mwisho. Yeye peke yake kati yao hakuwa amepona. Dawa aliziacha njiani, mwezi wa pili wa matibabu, na tangu hapo vituo vyetu vinamtafuta bila kumpata.

Akakohoa kwenye kiwiko cha sare, akaninyooshea kidole.

"Dada Dilsobha," akasema, "ndiye huyu?"